Ukumbi wa halmashauri na boma la zahanati: kisa cha kata moja ya milimani Mbeya

Kisa hiki nimekishiriki mwenyewe. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati katika kijiji kimoja cha milima ya Uporoto, mkoani Mbeya. Nimeondoa jina la halmashauri, la kata, la kijiji na majina ya watu wote, nimezungusha tarakimu za fedha, na nimebadilisha mambo madogo mawili matatu ili mtu asitambulike. Mfuatano wa matukio na maamuzi yetu nimeuacha kama ulivyokuwa, pamoja na makosa yangu. Nakiandika kwa ajili ya wajumbe wa halmashauri za vijiji, watendaji, na yeyote anayetaka kuuliza kwa nini fedha ya umma imekwenda huku na haikwenda kule.

Usuli

Kwetu ni viazi. Viazi mviringo, pareto kidogo, na mahindi yanayochelewa kukomaa kwa ajili ya baridi. Msimu ukifika fuso hupanda mlima usiku, hupakia alfajiri, na kabla ya kuigusa barabara kuu ya Zambia husimama kwenye geti la ushuru. Kisheria ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi, lakini hakuna mkulima asiyejua kwamba umeshakatwa kwenye bei yake kabla gunia halijashonwa. Mwaka 2017 serikali ilishusha kiwango kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipumua, ila halmashauri inayoishi kwa mazao ilianza kuhesabu kila shilingi.

Fedha hizo ndizo mapato ya ndani. Sehemu kubwa ya fedha za halmashauri hutoka Hazina zikiwa tayari zimepangiwa kazi: mishahara, ruzuku, miradi yenye masharti yake. Mapato ya ndani ndiyo baraza la madiwani linaweza kuyakalia na kuamua. Hata hayo yana masharti: asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na miongozo ya bajeti ya miaka ile ilitaka asilimia 40 au 60, kulingana na ukubwa wa makusanyo, ziende kwenye maendeleo. Ndani ya fungu hilo la maendeleo ndimo ulimozuka mvutano wetu.

Upande wa pili kuna boma, yaani kuta za jengo ambalo halijaezekwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa 2007 hadi 2017, uliweka lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba wananchi wanainua boma hadi renta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, na serikali inapaua na kumalizia. Sisi tulichanga shilingi 10,000 kila kaya. Wanaume walichimba mawe ya msingi, wanawake walipandisha maji kutoka korongoni kwa ndoo, vijana walichoma tofali. Kiangazi cha tatu tukafika renta, tukaandika barua halmashauri, tukasubiri.

Tulisubiri miaka mitano. Mvua ziliosha udongo kwenye viungo vya tofali mpaka kona moja ikaanza kuachia. Katika chumba kilichochorwa kuwa cha kujifungulia uliota mkaratusi. Nilikuwa nikipita kuukagua kila mwaka: mwaka wa kwanza ulinifika gotini, wa tatu kifuani. Nilikataa usikatwe. Nilitaka siku moja mkubwa fulani aje auone.

Kituo cha afya cha karibu kipo kilomita 14. Kiangazi bodaboda anakupeleka kwa 7,000. Masika hutaja 15,000, na mara nyingi anakataa.

Kilichotokea

Mwezi Februari diwani alirudi kutoka kwenye baraza na kablasha la bajeti, akatusomea kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tulisikiliza kurasa nyingi kwa utulivu. Kisha akafika kwenye kifungu cha ujenzi wa ukumbi wa kisasa wa mikutano makao makuu ya halmashauri: milioni 300 kutoka mapato ya ndani. Milioni 190 zilikuwa za jengo lenyewe, na 110 za uzio, lango kuu, samani na marumaru. Kwa kata yetu kulikuwa na madawati. Zahanati haikutajwa.

Hakuna aliyesema kitu siku ile. Nadhani tulikuwa tumezoea.

Wiki tano baadaye, katikati ya mvua, mama mmoja kijana alishikwa na uchungu usiku. Bodaboda wawili walikataa. Wakambeba kwa machela, wakitegemea kukutana na gari la shule ya sekondari huko chini. Njia inapita kando ya boma. Walipofika pale mama akawaambia hawezi tena. Wakamwingiza katika chumba cha kona, ukuta ukakinga upepo, wanawake wanne wakashika kanga na turubai juu yake, na mtoto akazaliwa pale kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwenye ule mkaratusi. Mama na mtoto walipona. Asubuhi nilikuta turubai bado limening'inia kwenye ukuta, na kandambili moja ndani ya tope.

Mkutano mkuu wa kijiji wa mwezi ule ulijaa kuliko nilivyowahi kuona. Vijana walikuwa na pendekezo moja: geti lizuiwe, ushuru usilipwe mpaka boma liezekwe. Mtu mmoja alimwita diwani mwizi, yeye akiwa amekaa mbele. Mzee wetu mmoja akasimama, akasubiri kelele zitulie, akasema, "Wanangu, huyu tulimtuma wenyewe. Tukimvunja hapa, kule atakwenda nani kutusemea?" Mjadala ukaendelea hadi jua likazama.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutozuia geti. Nilikuwa mmoja wa waliolipinga pendekezo hilo na bado naona tulikuwa sahihi. Kukataa ushuru ni kosa, na siku ya pili yake habari ingekuwa polisi na geti, boma likasahaulika. Zaidi ya hapo, ushuru tuliolipa ndio uliokuwa hoja yetu. Ukiuzuia, unabaki na nini mkononi?

Hapo ndipo alipojitokeza mama mmoja dalali wa viazi, mwanamke anayekusanya mizigo ya wakulima kwa niaba ya wanunuzi wa mjini na kulipa getini kwa niaba yao. Alikuwa na kopo kubwa la siagi limejaa risiti za mashine za misimu miwili. Alilimwaga mezani ofisini kwa mtendaji. Karatasi zile huchapwa kwa joto, hazina wino wa kudumu. Nyingi zilikuwa zimepauka, nyingine nyeupe kabisa. Tulikaa siku nzima mtendaji, yeye na mimi. Yeye aliinua kila karatasi kuelekea dirishani na kusoma kwa sauti, mimi nikaandika, mtendaji akajumlisha. Zilizosomeka peke yake zilifika milioni 6.4. Mtu mmoja, kata moja, misimu miwili. Siku ya pili tulikwenda mjini kuzitoa fotokopi kabla hazijafutika zote.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuomba bajeti kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki hiyo na inaweka siku 30 za kujibiwa. Tuliandika barua ya aya tatu, bila lawama, tukaomba mchanganuo wa mapato ya ndani na wa kifungu cha ukumbi, na muhtasari wa mkutano mkuu tukauambatisha. Jibu lilichelewa kidogo, lakini lilikuja na mchanganuo kamili. Lilikuja pia na sentensi iliyotuvunja moyo: bajeti imeshapitishwa, na mapendekezo ya kijiji yanapokelewa wakati wa maandalizi.

Kwa kweli walikuwa wanasema kilichopo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vijiji huibua miradi yao kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo miezi ya mwisho wa mwaka, baraza hupitisha mapema mwaka unaofuata, na kuanzia Aprili Bunge lipo Dodoma linajadili bajeti ya nchi nzima. Sisi tulikuwa tumeamka Machi. Nilipopekua mafaili niligundua kwamba Novemba iliyopita kijiji chetu kiliwasilisha orodha ya vipaumbele kumi na moja, na zahanati ilikuwa ya saba, kwa sababu mwandishi wa muhtasari alinakili orodha ya mwaka uliotangulia. Mwandishi huyo ni mimi.

Afisa mipango mmoja ndiye aliyetufungulia njia. Alituambia nusu mwaka hufanyika mapitio, na fedha ambayo haijafungwa na mkataba inaweza kuhamishwa kifungu kwa idhini ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, baraza, na kibali cha ngazi za juu. Mkataba wa jengo ungesainiwa Julai. Mkataba wa uzio, lango na marumaru ulikuwa bado. "Mwalimu," aliniambia, "msipigane na ukumbi. Ulizeni kuhusu lango."

Uamuzi wa tatu ndio uliotugharimu nyumbani. Tuligundua kata nyingine mbili zina maboma yaliyokwama kama letu. Diwani mmoja peke yake hawezi kitu katika kikao cha madiwani wa chama kinachotangulia baraza, na huko ndiko mambo mengi huamuliwa. Watatu wanasikilizwa. Kwa hiyo tulikubali kuomba kwa pamoja, tukijua fedha itagawanywa. Kumalizia boma letu kulikadiriwa milioni 50. Kwa pamoja tungepata labda 30 kila mmoja. Baadhi ya wanakijiji walisema tumeuza zahanati yao kwa watu wa mlima mwingine, na wawili wakajitoa kwenye kamati.

Januari tuliwaalika wajumbe wa Kamati ya Fedha waje kukagua. Walikuja na magari mawili. La kwanza lilikwama kilomita moja kabla ya kijiji, wakapanda kwa miguu, viatu mkononi. Tuliwaonyesha boma, chumba cha kona, mkaratusi. Mwenyekiti wa halmashauri aliushika mti ule kwenye shina, akanyamaza kidogo, akauliza una miaka mingapi.

Haki yake niiseme. Ofisini kwake alikuwa ametueleza mapema kwa nini anautaka ukumbi: baraza linakutana katika darasa la kuazima, wageni wa mkoa wanakaa kwenye viti vya plastiki, na ukumbi ungekodishwa kwa harusi na semina ukaongeza mapato. Hoja zile si za kijinga. Aliongeza moja ambayo nadhani ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote: halmashauri jirani wameshajenga.

Matokeo

Februari baraza lilikubali kuhamisha milioni 90 kutoka kwenye lango, uzio na marumaru kwenda kwenye maboma matatu. Kibali kilipatikana Aprili. Kwa kuwa mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, kazi ilifanyika kwa haraka kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, mafundi wakiwa wa hapa hapa. Mei mvua zilipokatika tuliukata mkaratusi. Shina lake lilitumika kama nguzo ya jukwaa la mafundi. Mwisho wa Juni bati za bluu zilionekana kutoka upande wa pili wa bonde.

Halafu jengo likafungwa kwa kufuli miezi 16.

Halikuwa na muuguzi, halikuwa na usajili, halikuwa na akaunti ya kupokelea dawa kutoka Bohari ya Dawa, halikuwa na maji, na hapakuwa na nyumba ya mtumishi. Nilikwenda kwa Mganga Mkuu wa wilaya kulalamika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili letu, akasema, "Jengo mmeomba, Mwalimu, barua zenu zote ninazo. Muuguzi ameombwa na nani?" Nafasi za watumishi zina ikama, yaani idadi iliyoidhinishwa, na ikama huombwa kwenye bajeti ile ile, kwenye kalenda ile ile. Katika barua zetu tisa hakukuwa na neno muuguzi hata mara moja.

Zahanati ilifunguliwa Novemba ya mwaka uliofuata, ikiwa na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Kina mama wanapata kliniki, watoto wanapata chanjo bila kusubiri huduma ya mkoba, ya watumishi wanaozunguka vijijini, ya mara moja kwa mwezi. Ukumbi nao ulikamilika kuta na paa, ila madirisha ya upande mmoja yalibaki bila vioo kwa msimu mzima, na dari ya jipsamu ikavimba kwa maji.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni lile kopo la risiti. Nilidhani habari ya mtoto aliyezaliwa bomani ndiyo ingewagusa madiwani. Iliwagusa, wakatoa pole, na kikao kikaendelea. Risiti zilipowekwa mezani maswali yalibadilika: hizi ni za geti gani, msimu upi, zimeingizwa kwenye mfumo? Mtu anayeomba msaada anapewa pole, ila aliyeshika stakabadhi anapaswa kujibiwa. Zile milioni 6.4 hazikuthibitisha kwamba kata yetu inadai kiasi fulani, maana ushuru ni wa halmashauri nzima na kata maskini isiyo na viazi nayo ina haki ya zahanati. Zilithibitisha jambo dogo lakini zito, kwamba wananchi waliokuwa wanauliza walikuwa wachangiaji wa fedha iliyokuwa inajadiliwa, na wanajua kuhesabu.

La pili ni kuuliza kuhusu kifungu badala ya mradi mzima. Tungesema "futeni ukumbi" tungepigana na mkataba uliosainiwa, na heshima ya mwenyekiti, na madiwani wenye sababu zao za kuutaka. Tulipouliza "kati ya lango na maboma matatu, kipi kianze mwaka huu?" hakuna aliyekuwa tayari kusimama hadharani kulitetea lango.

Kuungana na kata nyingine kulifanya kazi ndani ya baraza na kuliumiza ndani ya kijiji. Sijutii uamuzi, najutia namna tulivyoufanya. Tulikubaliana watu watano kwa simu, kisha tukawapa wananchi taarifa. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila miezi mitatu, ungeweza kuitishwa. Tulikuwa tunamlaumu mwenyekiti wa halmashauri kwa kuamua bila sisi, na tukafanya vivyo hivyo kwa majirani zetu.

Lile tusi la mwizi nalo lilikuwa na bei. Diwani hakuhudhuria vikao viwili vilivyofuata, miezi mitatu ikapotea, na tuliipoteza katika kipindi ambacho maandalizi yangeweza kuanza mapema. Alirudi baada ya yule mzee kwenda nyumbani kwake, mara mbili, kumwomba.

Sasa kushindwa kwenyewe, ambako kumenifanya niandike haya. Watu wakizungumza juu ya miradi ya kifahari hukimbilia mambo makubwa ya kitaifa. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nahangaika na ukumbi wa wilaya wakati nchi ilikuwa ikijenga reli ya kisasa na Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Sehemu ya maji ya bwawa lile huanzia kwenye vijito vya milima yetu hii, yanashuka Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji. Kwa hiyo si kitu cha mbali kwangu. Lakini ukubwa hauufanyi mradi kuwa wa kifahari. Umeme huwaka kiwandani na nyumbani, na gharama yake inajadiliwa kwa kile unachotoa. Mimi huuliza mambo matatu: mradi utatoa huduma gani siku ya kwanza baada ya kukata utepe, nani atalipia uendeshaji wake kila mwezi, na nini kimesogezwa nyuma ili huu utangulie. Ukumbi ulipata shida kwenye swali la pili: harusi zilizokadiriwa kuukodi hazikuwa na hesabu yoyote nyuma yake.

Nilipoigeuzia zahanati yetu maswali yale yale, haikujibu la kwanza. Kwa miezi 16 tulikuwa na jengo la bati za bluu, lililopigwa picha nyingi, lisilomhudumia mtu. Tulijivunia kuta kwa sababu kuta tulizibeba mgongoni. Mtu anayeona tofali aliyoichoma mwenyewe ni vigumu kumwambia kwamba alichohitaji tangu mwanzo ni mwanamke mmoja mwenye sare nyeupe, kreti la dawa na bomba la maji. Na halmashauri, kwa upande wake, ilipenda kutupa bati kuliko muuguzi, maana bati zinaezekwa mara moja na muuguzi analipwa kila mwezi.

Mwenyekiti wa halmashauri alisema kwenye kikao kimoja kwamba dari ya ukumbi imevimba kwa sababu ya watu wa zahanati. Kuna ukweli ndani yake. Tulijua kwamba kuchukua fedha katikati ya ujenzi kutaacha kitu wazi, na hatukupendekeza hata mara moja kwamba milioni chache zibaki kwa ajili ya vioo. Ukumbi ule nao umejengwa kwa viazi vyetu.

Hali ilivyo sasa

Mkutano mkuu wa Oktoba ulipitisha orodha mpya ya vipaumbele, safari hii vinne tu, na ilisomwa kwa sauti mstari kwa mstari kabla ya kupigiwa kura. Cha kwanza ni nyumba ya muuguzi, cha pili ni muuguzi wa pili. Kwa sasa yule aliyepo amepanga chumba kwa mama dalali wa viazi, dakika arobaini kwa miguu kutoka zahanati, na mama akishikwa na uchungu usiku kijana mmoja hutumwa kumgongea mlango na kumshikia tochi njiani. Mama dalali ameanza kopo la pili. Risiti za msimu huu anazipiga picha kwa simu siku ile ile.